Foleni Isiyo na wa Mwisho

Kwa maneno ya Redio, mwalimu wa hesabu wa shule ya ng'ambo ya barabara aliingia darasani jana asubuhi akiwa na akili zake timamu, akasalimia, akafuta ubao, akachora makalio.

Makalio kabisa, mviringo kwa mviringo. Redio hakuyaona kwa macho yake, lakini aliyemsimulia alisimuliwa na mtu ambaye mtoto wake hukaa dawati la mbele, na mtoto wa dawati la mbele hawezi kukosea kitu cha ukubwa ule. Mwalimu alichora, akageuka, akawaambia watoto wa watu: "Hii ni namba. Moja ikipita, mbili ikipita, mia na milioni na wajukuu wa milioni wakipita wote, nyuma yao imekaa hii." Darasa likaanguka chini kwa kicheko. Mwalimu badala ya kuona haya akaongeza pembeni alama ya kujumlisha, kisha moja.

"Makalio jumlisha moja," alisema Redio, mkono kifuani. "Mbele ya watoto."

Kibaraza kizima kikaipiga hesabu hiyo kimoyomoyo.

"Sasa," aliuliza Transfoma, "inakuwa ngapi?"

"Inakuwa aibu! Mzazi mmoja amekwenda shuleni anatoa povu. Mwalimu mkuu amemwita yule bwana ofisini na mlango umefungwa. Hivi ninavyoongea na nyinyi, hana kazi."

"Mlango umefungwa, wewe umejuaje ya ndani?"

"Mimi nimeulizwa na nani ya ndani? Nimesema umefungwa."

Kibaraza chenyewe kilikuwa cha Wembe, kinyozi, na kiti chake cha kunyolea aliking'ang'aniza mlangoni, nusu ndani nusu nje, ili mashine ifikiwe na waya na yeye mwenyewe asipitwe na maneno. Redio alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu wa kutoa habari bila kuwashwa na bila kuzimika. Transfoma alikuwa fundi umeme, mnene, mpole, ila akibishiwa alianza kuvuma taratibu, na wenye akili walisogea kabla hajalipuka.

Mwisho wa benchi, nyuma ya jiko la mkaa, alikaa mpwa wake Wembe, muuza kahawa. Wateja walimwita Birika, naye aliitika, na siku nyingine hata Wembe alilisahau jina ambalo ni yeye aliyemchagulia. Birika hakuwa mtu wa kudandia maneno ya watu. Alimimina, akatazama. Alishajua kwamba Redio akitia chumvi hushusha sauti, na Transfoma akishindwa hoja huomba sukari.

Leo lakini masikio yake yalikuwa pande mbili. Asubuhi shangazi yake wa mji wa pili alimpigia simu. Kantini ya hospitali inatafuta mtu wa vinywaji, chumba cha kulala kipo, wanataka jibu kabla jua halijatua. "Kama huyo seremala wako anakuoa, kaa huko uolewe," shangazi alisema. "Kama hakuoi, panda gari uje. Mimi siwezi kuwazuia watu nafasi kwa sababu ya kabati."

Seremala mwenyewe, Randa, alikuwa pale pale kwenye benchi, nywele zimemjaa kama godoro lililochanika, vumbi la mbao kwenye nyusi. Kijana mzuri, na mikono yake ilikuwa mizuri zaidi. Alikuja kuposa kwa heshima zote, Wembe akampokea, mama yake Birika akapiga vigelegele. Kilichobaki ilikuwa kuandaa nyumba, na nyumba ya seremala haiandaliwi ovyo. Alianza na kitanda. Kitanda kilipokwisha, akasema kitanda bila kabati ni wodi. Kabati lilipokwisha, kitanda kikaonekana kifupi, akakibomoa. Kitanda kipya kikadai meza ndogo pembeni, meza ikadai mwenzake upande wa pili, na meza zote mbili ziliposimama zikasema kwamba vanishi ya kabati siyo. Kila akiulizwa, Randa alijibu, "Kimebaki kimoja tu." Na haki ya Mungu hakuwa akidanganya. Siku yoyote ukimuuliza, kilikuwa kimebaki kimoja tu.

Alikuwa hivyo hivyo hata kwenye foleni. Kwa Wembe hakuna vikaratasi vya namba. Unafika, unauliza "Nani wa mwisho?", mtu ananyoosha kidole, unaishika sura yake, unakaa. Wewe sasa ndiye wa mwisho, mpaka aje mwingine akuvue cheo. Randa alifika mapema kuliko wote, na kila zamu yake ilipofika alimwambia aliyemfuata, "Pita wewe, mimi nipo." Wamepita wanaume, wakapita watoto wao.

"Jamani, nani wa mwisho?"

Sauti ilitoka kwenye ngazi. Redio alipogeuka aliona chaki kwenye mikono ya shati, akameza kahawa bila kupuliza. Alikuwa mwalimu mwenyewe, mzima, na kazi yake anayo.

"Mimi," alisema Transfoma, akisogea kumpa nafasi. "Karibu mwalimu. Tunasikia siku hizi unachora."

Mwalimu aliketi, akavua miwani, akaifuta. Birika alimwekea kikombe bila kuulizwa.

"Ile ni herufi," alisema mwalimu kwa uchovu wa mtu aliyeshalisema neno hilo tangu asubuhi. "Herufi ya Kigiriki. Inaitwa omega."

"Omega si ya kanisani?" aliuliza Redio. "Alfa na Omega?"

"Hiyo hiyo, ila ndogo."

"Hebu tuichore tuione," alisema Wembe, akizima mashine. Aliyekuwa kwenye kiti alitoka na shuka shingoni ili asikose.

Birika akamchagulia mwalimu kipande cha mkaa kilichopoa. Mwalimu akainama, akachora kwenye saruji. Wanaume wakainama naye. Wakakaa wameinama kitambo.

"Mwalimu," alisema Wembe, "tusifichane. Hata mimi ningekuja shuleni."

"Yana hata ule mstari wa katikati," alisema Transfoma.

"Mzazi hakuja kwa sababu ya mchoro!" Mwalimu alirudisha miwani usoni. "Mtoto wake aliambiwa aoshe vyombo. Akajibu kwamba ataviosha siku ya omega, siku inayokuja baada ya siku zote. Baba mtu kaja shuleni kuniuliza hiyo siku ni tarehe ngapi."

Kibaraza kikapasuka. Wembe alijifuta macho kwa shuka la mteja.

"Huyo mtoto apewe zawadi," alisema Transfoma. "Mimi mke wangu ananidai dirisha mwaka mzima, sikuwahi kuwa na jibu la namna hiyo. Lakini mwalimu, na wewe unatupiga. Namba haziishi. Sasa kitu kisichoisha kitakuwaje na baada yake?"

"Hapo sasa!" alidakia Redio. "Hapo ndipo ninapotaka ashikwe!"

Mwalimu alitazama benchi, kuanzia Randa mpaka Birika, kama mtu anayetafuta ubao. Kisha akaupata.

"Mimi nilipofika niliuliza nini?"

"Nani wa mwisho."

"Mkanionyesha mtu, nikawekwa baada yake. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuzaa namba. Unamtafuta wa mwisho, unaweka mmoja nyuma yake. Unaanza na mtu mmoja, wanakuwa wawili, watatu. Na njia hiyo haikwami, maana kila unayemweka anakuwa wa mwisho mpya, na wa mwisho mpya anafuatwa."

"Hiyo tunaifahamu," alisema Transfoma. "Ndiyo iliyotukalisha hapa tangu asubuhi."

"Vizuri. Sasa ichukulie foleni imeshajaa. Namba zote unazozijua, kila moja ina mtu wake. Foleni imetoka hapa, imepita shuleni, imekata kona, imekwenda zake na haina mkia. Unafika wewe Transfoma. Unauliza."

"Nani wa mwisho?"

"Kimya. Wa kwanza anatazama nyuma, yupo mwenzake. Mwenzake anatazama nyuma, yupo mwingine. Hakuna anayenyoosha kidole, kwa sababu hakuna wa mwisho."

"Basi nakwenda kwa kinyozi mwingine."

"Nenda," alisema Wembe. "Hicho kichwa kinanivunjia meno ya mashine."

"Huendi popote!" Mwalimu alikuwa ameshasimama. Uchovu ulimtoka kama koti. "Njia ya kwanza imekwama hapo, inataka wa mwisho na wa mwisho hayupo. Ndipo inapokuja njia ya pili. Inasema hivi: ukiwa na mfululizo wenye utaratibu, usio na wa mwisho, uchukue wote kwa pamoja, halafu umweke mmoja nyuma ya wote. Unakaa wewe."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya wote."

"Mwalimu, sikiliza. Mimi mtu mzima. Mgongo ninaoutazama mbele yangu ni wa nani?"

"Hakuna mgongo! Ndiyo alama yako hiyo. Wengine wote wa nyuma ya yule wa kwanza, ukiwauliza wako nyuma ya nani, wanakuonyesha mtu. Wewe huna wa kumnyooshea kidole. Ukimtaja yeyote, kati yako na yeye wamejaa watu. Hapo ulipokaa ndipo kwenye namba hii." Akagonga mchoro kwa kiatu.

Transfoma akatazama chini.

"Kwa hiyo nimekalia makalio."

"Umeyakalia tangu uzaliwe," alisema Redio. "Leo umepewa namba tu."

Benchi likatikisika. Birika alishika birika lisimwagike, akacheka na yeye kidogo, lakini macho yake yalikuwa kwa Randa. Randa hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama anavyoukunja akiona ubao wenye fundo zuri.

"Ngojeni," alisema Redio, ambaye hakuzoea habari kuwa ya mtu mwingine. "Mimi nilisoma. Kisichoisha ukikiongeza moja ni kile kile. Kwa hiyo ile jumlisha moja yako ni uongo."

"Inategemea umeiongeza wapi. Wembe, mkweo akija hapa, anapanga foleni?"

"Mkwe wangu? Anakaa mbele ya wote na kahawa anapewa."

"Haya, amekaa mbele ya ile foleni isiyo na mkia. Wa kwanza kawa wa pili, wa pili kawa wa tatu, wote wamesogea. Nani katolewa nje?"

Wakatafuta wa kumtoa, hakupatikana.

"Hakuna," alikiri Redio.

"Foleni ni ya aina ile ile. Hata wakija wakwe basi zima."

"Ndiyo maana mkwe wangu halalamikiwi," alisema Wembe.

"Lakini mtu akija nyuma, mambo ni mengine. Transfoma ameshakaa pale nyuma ya wote. Wewe Redio unafika, unauliza."

"Nani wa mwisho?"

"Mimi hapa!" alisema Transfoma, kidole juu, kwa fahari kubwa ya mtu aliyengojea tangu milele.

"Umeona? Wa mwisho yupo tena. Njia ya kwanza imefufuka. Redio ni omega jumlisha moja. Foleni yenye Redio mkiani siyo ile isiyo na mkia, wala siyo ile inayoishia kwa Transfoma."

"Kwa hiyo kuna namba yangu," alisema Redio, sauti ikilainika, "na inakuja baada ya zote?"

"Baada ya zote za kawaida, na baada ya Transfoma."

"Hapo kwa Transfoma ndipo nilipopapenda."

Baada ya hapo hawakushikika. Walimfuatisha Redio mtu, na mtu mtu, mpaka nyuma ya Transfoma kukawa na foleni nyingine nzima isiyo na mkia. Njia ya kwanza ikakwama tena, njia ya pili ikaitwa, akazaliwa wa makalio mawili. Wakaenda makalio matatu, wakaenda manne, Wembe akapiga kelele kwamba hizo foleni za foleni nazo hazina mwisho, basi zichukuliwe zote kwa pamoja. Mwalimu akamkumbatia kinyozi, akasema hiyo hapo ndiyo omega mara omega.

"Makalio mara makalio," alisema Transfoma. "Huo ni uwanja wa mpira."

"Na hapo ndiyo kwanza tumetoka nyumbani! Njia ni hizo mbili tu. Kuna wa mwisho, mfuate. Hakuna wa mwisho, wachukue wote, kaa nyuma yao. Ukizishika kwa zamu hakuna pa kukukwamisha."

"Na ile ya mwisho kabisa?" Transfoma alianza kuvuma. "Baba yao wote?"

"Haipo."

"Chukua zote! Umesema mwenyewe tunachukua zote. Zote, zote, zote, mfuko mmoja, funga!"

"Ukizifunga, njia ya pili inaweka moja nyuma ya mfuko."

"Basi nayo iingie mfukoni!"

"Ikiingia, inafuatwa na nyingine."

"Basi hukuzifunga zote!"

"Ndiyo ninachokwambia. Huo mfuko haufungiki."

Transfoma alipumua kwa nguvu, akanyoosha kikombe. "Birika, dada yangu, niongezee sukari."

Wembe alikuwa amemaliza kichwa kilichokuwa kitini. Alikung'uta shuka, akatazama benchi. "Randa. Zamu yako."

"Apite mwalimu, mjomba. Amechoka. Mimi nipo."

"Nimesema kaa."

Wembe hakuwa na kawaida ya kusema kitu mara mbili akiwa na mashine mkononi. Randa akakaa. Shuka likafungwa shingoni, mashine ikaanza kupanda kutoka sikio la kushoto, na nywele zikaanza kuporomoka. Lakini uso wa Randa kwenye kioo ulikuwa na furaha, na Birika aliyeiona furaha hiyo akashika kitambaa cha kufutia vikombe akakikunja bila sababu.

"Mwalimu," alisema Randa, "wewe leo umenitetea mbele ya watu."

"Nimekutetea nini?"

"Hawa kila siku wananitania. Randa muongo, Randa haoi. Mimi sikuwa na maneno ya kuwaambia. Leo umenipa." Alitaka kugeuka, Wembe akamrudisha kichwa kwa vidole viwili. "Kitanda ni namba. Kabati ni namba. Kila nikimaliza kimoja, kinafuatwa. Sasa huyu mchumba wangu sikumweka katikati ya makabati kama stuli. Nimemweka baada ya vyote! Juu ya vyote. Yeye ndiye ile omega."

Kibaraza kilimeza hilo kwanza. Kisha Redio, kwa sauti ya chini kabisa, akasema, "Jamani. Kijana kamweka mchumba kwenye makalio."

Walicheka mpaka muuza magazeti wa upande wa pili akasimama kutazama. Transfoma alilala chali kwenye benchi. Wembe hakucheka. Mashine ilizidi kusonga, polepole, ikapita utosi.

Birika naye hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anawaza. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akienda karakana jioni baada ya kuosha vikombe, Randa akimshika mkono na kumpitisha kiganja juu ya ubao uliokwisha kupigwa msasa, "Sikia, kama ngozi," na yeye akisikia kweli, na akirudi nyumbani akiwa na furaha na bila tarehe. Hakuwahi kumwona Randa akidanganya. Kama angemwona angeshaondoka zamani, ingekuwa rahisi.

"Mwalimu," alisema.

Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ila kwa sababu haikuwa kawaida yake kuuliza, wote wakageuka.

"Naam, binti."

"Huyo aliyekaa nyuma ya wote. Kinyozi akinyoa mmoja, halafu anayefuata, halafu anayefuata. Zamu yake inafika lini?"

Mwalimu alifurahi. Darasani hakuwa amepata swali hilo. "Haifiki! Hilo ndilo la kushika. Ukienda mmoja mmoja, hata kinyozi asile wala asilale, mbele yake daima wamejaa. Kwa kuongeza moja moja huifikii omega kamwe. Hata ukikazana."

"Hata ukikazana."

"Hata kidogo. Aliyenyoa mmoja na aliyenyoa milioni wako mbali nayo sawasawa."

"Sasa nyinyi mnaifikiaje?"

"Hatutembei kuifikia. Tunaacha kuwaita mmoja mmoja. Mtu anasema: hawa wote, waliopita na ambao bado, nimewachukua kwa pamoja. Anayefuata ni huyu. Anasema tu, na akishasema, namba ipo. Asiposema..." Hapo mwalimu akaona sura ya Wembe kwenye kioo, akaona ya Randa, na sentensi ikamfia mdomoni. Alikaa akakishika kikombe chake kilichokuwa kitupu.

Birika alilitua birika chini. Akafuta mikono. Akapita katikati ya miguu ya wateja, akauruka mchoro wa mkaa, akasimama mbele ya kiti, pale ambapo Randa asingeweza kumtazama kwenye kioo tu.

"Fundi," alisema. Mbele za watu alimwita hivyo, kwa heshima. "Shangazi amenitafutia kazi kwake. Wanataka jibu leo."

"Kazi gani? Hukuniambia."

"Ndiyo nakwambia."

"Lakini si unajua kime—"

"Usiniambie kilichobaki." Hakupandisha sauti. "Nakijua. Nimekipaka vanishi kwa mikono yangu. Kitanda nimekichukua. Kabati nimelichukua, na meza zote mbili. Na hicho ulichotaka kunitajia sasa hivi, na kitakachokuja baada yake, na vile ambavyo wewe mwenyewe bado hujaviwaza. Vyote nimevichukua kwa pamoja, fundi, nimeviweka hapa. Hakuna hata kimoja nilichokiacha nje. Sasa nakuomba unitajie siku. Siku yenye jina, kama Alhamisi. Ukinitajia, nakaa, hata tukilala kwenye maranda. Nakuomba."

Mashine ilinguruma kama pikipiki.

Kisha Transfoma akakumbuka kuna nyaya za mtu ameziacha wazi. Akanyanyuka. Mwalimu, ambaye sasa zamu ilikuwa yake, akasema kichwa chake kinaweza kungoja, akashuka ngazi akiwa bado na kikombe cha watu mkononi. Aliyenyolewa akaenda na mabaki ya nywele shingoni. Redio peke yake alibaki amekaza macho, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kuondoka kwenye habari kabla haijaisha, hadi Transfoma akarudi, akamshika ukosi, akamwondoa kama anavyoondoa fyuzi iliyoungua.

Randa alimtazama Birika. Akatazama mikono yake mwenyewe chini ya shuka.

Wembe akazima mashine.

Kwenye kioo upande mmoja wa kichwa cha Randa uling'aa kama mlango mpya, upande wa pili ulikuwa msitu. Alijigusa pale pande mbili zilipokutana, taratibu, kwa ncha za vidole.

"Mjomba," alisema, "nimalizie basi."

Wembe alipuliza nywele kwenye meno ya mashine. Akaitundika msumarini, akavuta benchi lililoachwa na watu, akaketi karibu na mpwa wake, mikono kifuani, akimtazama Randa, akingoja kusikia siku.